Mapumziko ya Nje Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, wageni wamekuwa wengi na maswali yao yanafanana. Wengi wametoka Pwani au Kanda ya Ziwa, wamepangiwa kazi au chuo, na ikifika Jumamosi wanabaki ndani wakitazama simu. Ukurasa huu ni wao. Ni wa wenyeji pia, kwa sababu wako waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kufika Kolo, kwenye michoro ya mapangoni.

## Kwa anayeanza

Dodoma hakuna bahari wala ziwa kubwa. Watu wanafanya nini siku za mapumziko?

Wanatembea, wanakimbia mchakamchaka, wanapanda vilima, wanacheza bao na drafti, wanaenda mnadani, wanatazama mpira, wanavua samaki kwenye mabwawa, wanalima bustani, wanacheza ngoma. Wenye usafiri wanakwenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni, au Kongwa na Mpwapwa kutembelea milima na historia.

Tofauti na miji ya pwani ni kwamba hapa burudani haikusubiri ufukweni. Inabidi uulize na ualikwe. Ukishajulikana kwenye kijiwe kimoja tu, mambo yanafunguka haraka, maana watu wa kanda ya kati ni wakarimu kwa anayewasalimia vizuri. Jifunze “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, kabla ya kitu kingine chochote.

Ni msimu gani mzuri kwa shughuli za nje?

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Miezi mingine ni ukavu. Mei hadi Agosti ndiyo miezi bora ya kutembea: jua lipo lakini si la kuunguza. Kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli. Anayetoka Dar es Salaam aje na sweta.

Oktoba na Novemba ni joto na vumbi. Hiyo ni miezi ya kukaa kivulini na bao. Januari hadi Machi nchi inageuka kijani na inapendeza sana, ila soma kwanza swali la makorongo kule chini.

Saa ngapi nitoke?

Asubuhi kabla ya saa tatu, au alasiri kuanzia saa kumi. Kati ya hapo jua la Dodoma halina huruma, na vilima vya mawe vinarudisha joto usoni. Beba maji zaidi ya unayodhani utakunywa, maana hewa ni kavu: jasho linakauka kabla hujalihisi, ukadhani hujapoteza maji. Kofia pana ina faida kuliko miwani.

Nahitaji hela nyingi au vifaa maalumu?

Hapana. Viatu vilivyofunga vizuri, chupa ya maji na kofia vinatosha kwa mambo mengi yaliyoandikwa hapa. Gharama inakuja kwenye usafiri wa kutoka nje ya mji na ada za maeneo ya hifadhi na malikale.

## Miguu, vilima na baiskeli

Ninajiungaje na vikundi vya mchakamchaka?

Toka barabarani Jumamosi alfajiri utavisikia kabla hujaviona. Vikundi vya jogingi vinakimbia kwa mistari, tisheti za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Mfuate kiongozi wakimaliza, jitambulishe, uliza wanakutana wapi wiki ijayo. Vingi vina mchango mdogo wa mwezi unaotumika pia wakati wa msiba au ugonjwa, kwa hiyo unapojiunga unapata mazoezi na ndugu kwa pamoja.

Ukanda huu una heshima yake kwenye mbio. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo Septemba 2025, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Ikungi alikozaliwa ni nchi kavu ya mwinuko inayofanana sana na hii unayokanyaga hapa.

Kuna vilima gani vya kupanda bila kwenda mbali?

Kilicho maarufu kuliko vyote ni kilima cha mawe cha upande wa Mlimwa, ambacho wengi wanakiita Lion Rock. Kupanda ni kwa muda mfupi, lakini sehemu za juu unashika mwamba kwa mikono. Ukifika unaona mji wote ulivyotandazwa: paa za bati, reli, na tambarare iliyotapakaa vichaka hadi macho yanapoishia. Vilima vya Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, vinafaa kwa matembezi marefu yasiyo na mwinuko mkali, hasa jioni.

Nendeni wawili au zaidi, na mshuke kabla giza halijaingia. Kuhusu mawe yenye nyufa, soma swali la nyuki.

Baiskeli inafaa Dodoma?

Inafaa sana, kwa sababu nchi kubwa ni tambarare. Adui ni wawili. Wa kwanza ni upepo wa kiangazi, unaokuja na vumbi mchana. Kwa hiyo anza safari ukielekea upepo unakotoka, urudi ukisukumwa. Wa pili ni mbigili. Ukiacha lami tu, vile vitunda vidogo vya miiba vinaingia tairi zote mbili kwa mpigo, na miiba ya migunga ni mirefu zaidi. Beba viraka, solusheni na pampu, na ujue kuziba pancha mwenyewe, kwa sababu fundi baiskeli yuko senta, nawe pancha itakupata baina ya senta mbili.

Kwenye barabara kuu za Morogoro, Iringa, Singida na Arusha mabasi na malori yana mwendo mkali. Njia za vijijini zina usalama zaidi, na ndiko kwenye mibuyu mizuri.

Mwanamke anaweza kutembea au kukimbia peke yake?

Mchana kwenye maeneo yenye watu, ndiyo, na wengi wanafanya hivyo. Vilimani na alfajiri penye giza, nenda na wenzako. Vikundi vya mchakamchaka vimejaa wanawake wa rika zote, na akina mama wengi wameanzia huko.

## Barazani na uwanjani

Nataka kujifunza bao. Nianzie wapi?

Anzia kwa kukaa kimya pembeni ya wazee wanaocheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili ya upande wake. Mwanzoni anaweka kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba la mstari wa mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Awamu ya kwanza ni kunamua: unaingiza kete moja moja kwenye mstari wa mbele, na shimo lako likiwa na kete huku la mpinzani linalolikabili lina kete pia, unazila na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia awamu ya mtaji, ambapo unacheza na zilizomo ndani ya bao tu. Ukimaliziwa kete za mstari wa mbele, au ukikosa pa kucheza, umefungwa.

Ukitazama mkono wa mchezaji mzoefu utaona hahesabu kwa kidole. Anachota, kete zinadondoka moja moja kwa mlio ule ule, na kabla ya ya mwisho kutua macho yake yameshahamia shimo atakalochota tena. Jambo linalomsumbua mwanafunzi ni nyumba: lini uilinde, lini uisafirishe, yaani uchote kete zake na kuzisambaza. Wengi wanaishikilia mno kwa hofu, wakati mzee wa upande wa pili anasubiri iwe nono aile yote. Waombe wakufundishe kwanza bao la kujifunza, ambalo ni jepesi, halafu upande.

Adabu ya kijiwe ni muhimu. Unamwamkia kila mzee, humfundishi mtu katikati ya mchezo, na ukifungwa unampisha mwingine akae.

Na drafti?

Drafti ni ya vijana wa bodaboda na mafundi. Ubao wa kuchora, vizibo vya soda kumi na viwili kila upande, vingine vimegeuzwa. Kula ni lazima, na kingi anaruka mbali. Mchezo ni wa haraka na wa maneno mengi, kwa hiyo usichukulie tambo kama ugomvi.

Watoto wacheze nini nje badala ya kukaa kwenye televisheni?

Rede, mdako, gololi, kombolela, kuruka kamba, tiara wakati wa upepo wa kiangazi, na chandimu jioni. Vyote hivi havina gharama. Mpira wa rede ni soksi iliyojazwa vitambaa, mdako ni kokoto na kishimo. Mzazi mgeni ana kazi moja tu: kufungua geti. Awafundishe pia watoto kutokwenda kucheza kwenye makorongo wakati wa masika, na kutikisa viatu kabla ya kuvaa, kwani nge wapo.

Mpira je?

Dodoma Jiji inacheza Ligi Kuu na nyumbani kwake ni Uwanja wa Jamhuri. Simba au Yanga wakija, wahi mapema. Lakini mimi nashauri ndondo za mitaani siku za kawaida, maana pale unasimama mstarini kabisa na unawafahamu wachezaji kwa majina ya utani.

Ninaweza kuona au kujifunza ngoma za Wagogo?

Ndiyo, na ukiishi Dodoma bila kuzisikia umekosa kitu ambacho dunia inakifuata hapa. Wagogo wanaimba kwa sauti nyingi zinazopishana, kila mmoja na njia yake, na zote zinakutana. Muheme ni ngoma ya wanawake: wanapiga ngoma ndefu walizozibana kwa miguu, na wanacheza huku wanapiga. Kuna zeze ya kupiga kwa upinde, ilimba ya vidole yenye vijiti vya chuma, na njuga miguuni. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliupeleka muziki huu majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, na jamaa zake wengi wameuendeleza.

Chamwino ndipo pa kuanzia, kwani vikundi vipo na tamasha la muziki wa Wagogo limekuwa likifanyika hapo. Vijijini utakuta ngoma zaidi baada ya mavuno, chakula kikiwa ndani na watu wana nafasi. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi na uchangie. Ni kazi yao, wamejifunza tangu utotoni.

## Nje ya mji

Mnada wa Msalato una nini cha kunipeleka kama sinunui ng’ombe?

Una nyama. Siku ya Jumamosi moshi unaanza kuonekana ukiwa bado barabara ya Arusha. Unachagua kipande kwenye buchani ya miti, kinapimwa, kinachomekwa kwenye kijiti na kusimamishwa kuzunguka moto, wewe unakaa kwenye benchi na kusubiri. Chumvi, pilipili, ndimu, basi. Huku pembeni wafugaji wanatazama meno ya mbuzi, vijana wanauza mitumba na viatu vya matairi, na mzee anauza dawa kwa kipaza sauti.

Nenda kabla ya mchana kama una watoto. Fedha weka mfuko wa mbele.

Michoro ya Kondoa iko wapi na ninaitembeleaje?

Iko kwenye vilima vinavyozunguka Kolo, kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, kaskazini ya mji wa Kondoa. Barabara ni lami yote. Kutoka Dodoma ondoka alfajiri, na ukiweza lala Kondoa ili usirudi kwa haraka. UNESCO iliiweka michoro hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey aliifanyia kazi kubwa ya kunakili mwaka 1951.

Utaratibu ni huu: unafika ofisi ya malikale Kolo, unajiandikisha, unalipa, unapewa mwongozaji. Usiende peke yako. Mapango yametawanyika kwenye eneo kubwa, na bila mwongozaji utapita chini ya jiwe lenye twiga bila kuliona. Wengi wanapelekwa Mungomi wa Kolo. Gari linafika chini ya kilima, kisha mnapanda kwa miguu.

Michoro ya kale ni ya rangi nyekundu: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama vya nywele zilizosukwa, pofu, tembo, twiga. Ya baadaye ni myeupe na minene zaidi. Sogea karibu, lakini usiguse, na utaona mstari wa mgongo wa mnyama umechorwa kwa mkupuo mmoja, bila kusita, na mtu aliyemjua huyo mnyama alivyosimama. Usikubali mtu amwagie maji ukutani ili picha “itokee vizuri”. Ndivyo rangi inavyopotea, na haitarudi.

Mungomi ni mahali pa matambiko hadi leo. Ukikuta sadaka au dalili za ibada, ziache zilivyo.

Kama muda upo, muulize mwongozaji kuhusu makorongo makubwa ya vilima vya Irangi. Ardhi ile ilimomonyoka vibaya, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili miti irudi. Msitu unaotembea ndani yake ni matokeo ya watu kukubali kuhamisha ng’ombe wao, jambo zito kwa mfugaji yeyote.

Wapi pa kuvua samaki?

Hombolo ni karibu, Mtera ni mbali lakini kubwa. Bwawa la Mtera liko barabara ya Iringa, na sehemu nyingi lina mamba na viboko. Vua ukiwa na mwenyeji, usisimame majini, usioshe samaki ukingoni kwa kuinama peke yako. Perege na kambale ndio wengi. Ulizia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu leseni na nyavu zinazoruhusiwa, na kama maji yako kwenye kipindi cha kufungwa. Kuogelea kwenye mabwawa sishauri, kwa sababu kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama.

Kutazama ndege ni kwa wazungu tu?

Hapana, na natamani walimu wa shule za msingi wangeanza nayo. Darubini ya kawaida inatosha, hata macho. Katikati ya nchi kuna kwezi wa rangi ya majivu, ambaye duniani kote yuko Tanzania pekee, na kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano wanaotaga kwenye mashimo ya mibuyu. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona. Mvua zikiwa nzuri, mbuga ya Bahi inajaa maji na ndege wa majini wanakuja kwa wingi. Singida mjini kuna maziwa ya Singidani na Kindai, ambako unatazama ndege ukiwa umeketi juu ya jiwe.

Naweza kutembelea mashamba ya zabibu?

Ndiyo, kwa kumwomba mkulima. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hivyo nafasi zipo. Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, ni maeneo ya kuanzia. Usichume bila kuambiwa. Nunua kilo kadhaa kwa mkulima mwenyewe, ndiyo shukrani inayoeleweka.

Napenda historia. Niende wapi kwa siku moja?

Kongwa. Huko Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947 ukashindwa ndani ya miaka michache, na miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini wakiwemo, walikuwa na kambi hapo. Wazee wanaokumbuka wanapungua, kwa hiyo anayependa kusikiliza asingoje.

## Mambo ya tahadhari na maswali ya nadra

Nyuki wakitushambulia vilimani tufanye nini?

Kimbieni, msisimame kupigana nao. Funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya gari au nyumba na ufunge. Miiba ing’oe kwa kukwangua na ukucha, mapema iwezekanavyo. Mwenye kuvimba midomo au kubanwa pumzi apelekwe hospitali hapo hapo.

Kuzuia ni rahisi zaidi: msirushe mawe kwenye nyufa wala mashimo ya mibuyu, msijipake manukato, msipige kelele chini ya mwamba, msiwashe moto. Kabla ya kupanda, muulize mchunga mbuzi yeyote wa pale. Yeye anajua mzinga uko jiwe gani.

Korongo ni kavu. Kuna ubaya kupita au kupumzika humo?

Kiangazi hakuna. Kuanzia Desemba, ubaya ni mkubwa. Mvua ikinyesha mbali, maji yanashuka ghafla hata kama pale ulipo jua linawaka. Usiegeshe gari ndani ya korongo, usipige kambi kwenye mchanga wake, na ukikuta limejaa, subiri. Mara nyingi linapungua ndani ya saa chache.

Naruhusiwa kupiga picha na kurusha droni?

Picha za mandhari, ndiyo. Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, majengo ya usalama, usipige. Watu uwaombe kwanza. Droni inahitaji kibali kinachohusisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Dodoma ni makao makuu ya nchi, kwa hiyo usijaribu bahati.

Mtoto wangu anawinda ndege kwa manati. Nimwache?

Mkataze kwa upole na umpe kitu kingine. Uwindaji bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mtoto mwenye jicho la kumwona ndege kwenye tawi ana kipaji. Mpe daftari aandike aliowaona, rangi na mahali, na mpeleke Bahi maji yakijaa.

Magoti yananiuma, siwezi vilima. Kuna nini kwangu?

Nyerere Square jioni, kwenye bustani, watu wakipita. Kijiwe cha bao. Mashamba ya zabibu, ambako njia ni tambarare. Kolo, mwambie mwongozaji mapema hali yako akuchagulie pango lenye mwinuko mdogo. Na treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu 2024, inamwezesha mzee kutoka Dar es Salaam kuja kuwatembelea wajukuu bila kukaa kwenye basi siku nzima. Mkipanga safari hiyo, kateni tiketi mapema siku za sikukuu.